Programu Iliyozingatia Itifaki

Nchi ninayoisimulia haina jina, au tuseme jina inalo, ila wenyewe hawapendi litajwe kabla hawajajiandaa kutajwa. Ukitaka kufika, fuata barabara mpaka mashimo yazidi lami, kisha simama penye bango la kukukaribisha. Bango ni zuri sana. Mimi ni raia mwema wa nchi hiyo, na kwa miaka ishirini nimekuwa katibu wa vikao katika Wizara ya Siha. Kazi yangu ni kuandika waliyosema wakubwa, na kuyanyoosha yale ambayo wangetamani wangeyasema vizuri zaidi. Mimi simsemi mtu. Nasimulia tu, na kama humu ndani kutatoka harufu, haikutoka kwangu peke yangu.

Hospitali Kuu yetu, inayotibu nchi nzima, ilikuwa na programu tano za kompyuta. Mapokezi walikuwa na yao, maabara yao, wodi yao, duka la dawa yao, na kliniki ya wajawazito nayo yake. Kila moja ililetwa na mfadhili wake, ikakatiwa utepe wake, ikapigiwa ngoma yake, na hakuna iliyosalimiana na nyingine. Mtu aliweza kuwa mwanamume mapokezi, mjamzito kliniki na marehemu kwenye duka la dawa, yote hayo kabla ya saa nne asubuhi.

Aliyezipatanisha alikuwa mwanamke mmoja mwenye toroli. Bi Mwasiti alikuwa mtembeza majalada: anachukua jalada la mgonjwa mapokezi, analisukuma mpaka maabara, anatoka nalo kwenda wodini, anapitia duka la dawa, anarudi. Gurudumu moja la toroli lilikuwa bovu, likilia kwii, kwii, na madaktari wakilisikia walijua ukweli unakuja. Shule aliishia darasa la saba, lakini ukimwuliza, "Bi Mwasiti, huyu mzee wa kitanda cha nane vipi?" anakujibu bila kufungua kitu: "Huyo ana sukari, na juzi maabara wamempa majibu ya mtu mwingine. Ya kwake haya hapa."

Katika toroli lile kulikuwa na jalada moja alilolijua kuliko yote, la binti yake wa pekee, Mashavu. Mashavu alipokuwa na miaka mitatu alichomwa sindano ya penisilini kwa ajili ya kifua. Akavimba uso mpaka macho yakapotea, koo likabana, akaponea chupuchupu. Siku ile Bi Mwasiti alishika kalamu nyekundu akaandika juu ya jalada kwa herufi kubwa: HUYU ASICHOMWE PENISILINI, ATAKUFA. Maandishi yale yalimlinda Mashavu kwa miaka ishirini na mmoja. Wakati hadithi yangu inaanza alikuwa na miaka ishirini na minne, ana mimba ya miezi sita, na mama yake ameshanunua kanga mbili za kumpokelea mjukuu.

*

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kiama, maana waliokuwa wakiumia ni watu wa kawaida, na watu wa kawaida katika nchi yetu, kuumia ndiyo kazi waliyoajiriwa. Bahati mbaya, siku moja Bi Mwasiti alikuwa na ruhusa, na siku hiyohiyo mama mkwe wa Waziri akaja kupima malaria. Bibi yule alikuwa na miaka sabini na sita. Programu ya kliniki ikamtangazia mbele ya foleni nzima kwamba ana ujauzito wa miezi minne, na kwamba safari ijayo aje na mwenzi wake.

Lo! Watu walicheka wakiwa wameuma pembe za kanga, maana kucheka waziwazi kunahitaji kibali. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Gervas Kitulizo (udokta alitunukiwa na chuo cha mbali ambacho hata chenyewe hakijui kiko wapi), alituita ukumbini, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nimechukizwa!" alisema. "Haiwezekani programu tano zikae nyumba moja bila kuzungumza, utadhani wake wenza! Naunda kamati. Itafute programu moja ya kuzisawazisha hizi tano. Taarifa ya mgonjwa ikibadilika huku, na kule ibadilike. Na suala la mama mkwe wangu, naagiza lisahauliwe kuanzia leo saa nane."

Tukalisahau saa nane kamili. Mimi niliandika muhtasari wa kulisahau, kurasa nne.

*

Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na saba. Hakukuwa na daktari hata mmoja, wala muuguzi, kwa sababu watu hao wana mazoea mabaya ya kuleta mambo ya wagonjwa kwenye vikao. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi wa Wizara, Bwana Zakayo Ndimbwa. Tulikaa siku arobaini katika hoteli kando ya ziwa, maana ilionekana hospitalini kuna harufu inayozuia fikra. Ni kweli ipo. Ni harufu ya choo cha wodi ya wazazi, ambacho kamati nyingine iliyokaa hoteli hiyohiyo ilikuwa bado inakitafakari.

Sitasema walivyokula. Au acha niseme, maana limenikaa rohoni. Mkurugenzi alikuwa akishika paja la kuku kwa mkono mmoja, na kwa kidole kilekile kilichotoka kulichambua akipapasa kioo cha kishikwambi, mpaka mipango ya afya ya taifa zima ikawa na mchuzi. Anacheua, anasema "samahani waheshimiwa," wajumbe wanapiga makofi. Mimi nikaandika: Mwenyekiti alitoa maoni.

Wa kwanza kutuonyesha programu alikuwa mhandisi kijana, Asinath, binti wa hukuhuku kwetu. Aliweka kompyuta mbili mezani. Moja akaiita maabara, nyingine wodi. Akaandika kwenye ya maabara kwamba mgonjwa fulani ana damu kundi B. Kabla hajainua kidole, wodi nayo ikaonyesha B.

"Hebu subiri, binti," alisema Mkurugenzi. "Hapa ameandika mtu wa maabara, sivyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Na daktari wa wodi ameona palepale."

"Palepale, mzee."

"Sasa mimi niko wapi hapo katikati?"

Asinath alitazama kompyuta ya kwanza, akatazama ya pili, akasema kwa adabu zote, "Wewe, mzee, haupo."

Mjumbe mmoja aliteremsha mfupa sahanini taratibu, kama aliyepata habari za msiba.

"Sikio halipiti kichwa, binti yangu," Mkurugenzi akasema. "Na taarifa mbili zikigombana? Mapokezi waseme hivi, wodi waseme vile. Programu yako inamwamini nani?"

"Haimwamini yeyote. Inasimama, inapiga kengele, inamwambia daktari akamwulize mgonjwa."

Jamani, walicheka! Akamwulize mgonjwa! Mjumbe wa tatu kutoka kulia alipaliwa na wali, akagongwa mgongo. Asinath alisubiri wamalize, kisha akasema jambo moja zaidi: kwamba kabla ya kuiwasha, lazima kila jalada la karatasi lisomwe na kuingizwa, neno kwa neno, na kwamba kazi hiyo itachukua miezi mitatu. Wakamshukuru kwa kuja kwake. Nchi yetu tukimshukuru mtu kwa kuja kwake, maana yake aende.

Siku ya thelathini na nane ikakumbukwa kwamba kuna shahidi. Bi Mwasiti alikuwa ameitwa kwa barua, na alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya jiko siku mbili, akinusa vyakula vyetu. Aliingia, akaamkia, akaulizwa elimu yake, akaitaja, wajumbe wakatazamana.

"Wazee wangu, mimi nina swali moja tu," alisema. "Kule juu ya majalada tumeandika mambo kwa wino mwekundu. Huyu asipewe hiki, yule ana kile. Hiyo programu itayaona?"

"Mama," akajibu Mkurugenzi, "wino mwekundu si utaratibu. Wino rasmi wa serikali ni wa bluu."

Nikaliandika hilo. Kwa wino wa bluu.

Siku ya thelathini na tisa akaja bwana mmoja mwenye tai nyekundu, ambayo wekundu wake haukumsumbua mtu. "Waheshimiwa," alisema, "programu yangu inaitwa Itifaki. Wenzangu wanawaletea programu isiyo na adabu, taarifa inakurupuka tu kutoka maabara inakimbilia kwa daktari. Ya kwangu inaanza kwa kusalimia." Akabonyeza. Kishikwambi kikakohoa kidogo, kikasema kwa sauti nzito: "Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa kamati, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa: mgonjwa anatapika damu."

Makofi! Mkurugenzi alitoa leso akafuta macho. Yule bwana akaeleza kwamba taarifa ya mgonjwa inapanda ngazi kwanza, kwa Mganga Mkuu, kwa Mkurugenzi, ikibidi mpaka kwa Waziri, kila mmoja anaweka kidole, ndipo inateremka kwa daktari ikiwa imebarikiwa.

"Na zikigombana?" aliuliza Mkurugenzi, sauti inatetemeka kwa matumaini.

"Anaaminiwa mwenye cheo."

Walisimama wote kumi na saba. Majalada je? Yule bwana alisema hayahitajiki, Itifaki inaanza upya, na kuwashwa inawashwa baada ya wiki mbili.

Nikapewa kazi ya kuandika kifungu cha saba cha mkataba. Niliandika hivi: Taarifa mbili za mgonjwa mmoja zikipingana, ya mwenye cheo itasimama. Mkurugenzi akasoma, akanyoosha kidole chenye mafuta, akakiweka juu ya maneno yangu. "Futa hapo penye 'mgonjwa mmoja'. Ukubwa hauna mipaka, Katibu. Andika: taarifa yoyote inayopingana na taarifa ya mkubwa ni kosa, na itasahihishwa."

Nikafuta, nikaandika. Hati yangu ilisifiwa. Niliona kabisa kwamba maneno yale hayakukaa sawa, msije mkadhani sikuona. Niliona, nikala kuku wangu.

*

Siku ya uzinduzi ua wa hospitali ulipakwa chokaa, na wagonjwa waliokuwa wanakohoa vibaya walihamishiwa nyuma ya kichomea taka. Majalada ya miaka arobaini yalirundikwa katikati. Mheshimiwa Waziri alipewa kiberiti.

Bi Mwasiti alipenya katikati ya maafisa, akamshika mkono Daktari Nehemia, daktari wa wodi ya wazazi. "Daktari, waambie wayasome kwanza. Humo mna watu." Daktari Nehemia ni mtu mwema. Alitazama viatu vyake. Basi Bi Mwasiti akainama kwenye lile rundo kabla ya moto kushika, na kwa kuwa alijua kila kitu kilipo, hakutafuta. Alivuta jalada la Mashavu. Mgambo wakamnyang'anya wakalitupa tena, lakini gamba la juu lilibaki mkononi mwake, akalikunja akalitia kifuani. Nililiona. Sikuliandika, na hilo ndilo jambo jema pekee nililolifanya katika hadithi hii nzima.

Moto ukawaka, bendi ikapiga. Kisha Waziri akajiandikisha awe mgonjwa wa kwanza, kwa mfano. Kishikwambi kilimsalimia dakika sita. Jinsi: mume. Umri: sitini na mmoja, nasi sote tukautazama ule umri kwa heshima bila kuuhesabu. Kundi la damu: O. Aleji: hakuna. Ujauzito: hakuna, na hapo alicheka, tukacheka. Maradhi: hakuna. Hali: njema kabisa. Akaweka kidole.

Itifaki ilitii kifungu cha saba. Ilipita mapokezi, ikapita maabara, wodi, duka la dawa na kliniki, na popote ilipokuta taarifa inayopingana na ya Mheshimiwa, ikasahihisha. Majina iliyaacha. Mengine yote yalishindwa cheo. Kufikia saa sita mchana, wagonjwa wote wa nchi yetu, laki tatu na kitu, vichanga kwa vikongwe, walikuwa wanaume wa miaka sitini na mmoja, damu O, hawana aleji, hali njema kabisa.

Mnadhani tuliogopa? Waziri alihutubia redioni jioni ileile: "Ndani ya siku moja tumetokomeza kifua kikuu, kisukari, utapiamlo na vifo vya uzazi. Wapo mabeberu watakaouliza tumefanyaje. Waambieni: utashi wa kisiasa!" Wajumbe wa nchi jirani wakaja kujifunza. Wodini, aliyekuwa na mguu umeoza alisomewa hali yake, akaambiwa asichafue takwimu, akaenda nyumbani.

Bi Mwasiti aliachishwa kazi kwa kuwa hakuna tena cha kutembeza. Toroli akapewa liwe kiinua mgongo chake.

*

Siku ya kumi baada ya uzinduzi, Mashavu alipandwa na homa. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Mama yake alimkalisha kwenye toroli akamsukuma mpaka hospitali, kwii, kwii.

Kliniki ya wajawazito walimkataa, kwa kuwa hawapokei wazee wa kiume. Alipokelewa wodini kwa Daktari Nehemia, aliyempima kwa mikono na masikio, kwa siri kidogo, akakuta mapafu yameshambuliwa. "Anahitaji dawa ya sindano sasa hivi," alisema. Akafungua Itifaki, akaiuliza dawa ya mapafu. Baada ya salamu ikamwambia: mume, sitini na mmoja, aleji hakuna, mpe penisilini.

"Hapana!" Bi Mwasiti alitoa lile gamba kifuani, akalikunjua. "Daktari, unayasoma haya? Nimeyaandika mimi. Nilikuwepo."

"Nayasoma, mama. Na nakuamini." Jasho lilikuwa linamtoka. "Ipo dawa nyingine pale dukani, lakini hawaitoi mpaka mfumo uone ana aleji. Na mfumo hauoni mpaka Mkurugenzi aweke kidole. Mwenzangu wiki jana alipingana na kioo, leo yuko mpakani anachanja ng'ombe." Akatuma ombi. Itifaki ikalirudisha: halina barua ya utangulizi.

"Niandikie hilo ombi kwenye karatasi," alisema Bi Mwasiti. "Kutembeza karatasi ndiyo kazi yangu."

Mashavu alimshika mama yake kanga. "Mama, usichelewe."

"Naenda na kurudi, mwanangu. Hapo hapo wizarani."

Alinikuta mimi mezani kwangu, saa tano na robo. Alikuwa anahema. Akanieleza yote kwa pumzi moja, na mimi, ndugu msomaji, nilimwonea huruma kwelikweli. Nikaichapa ile barua haraka. Mkurugenzi alikuwa anachokonoa meno. Aliisoma, akairudisha. Tulikuwa tumemwita Bwana, na wiki ile alikuwa ameongezewa Mhandisi, kwa heshima.

Nikachapa ya pili. Akairudisha: salamu zilimtaja Mganga Mkuu kabla ya Katibu Mkuu.

"Baba, mtoto anakufa," alisema Bi Mwasiti mlangoni.

"Mama, kila mtu ana mtoto," akajibu. "Utaratibu ndio hauna wa kuulilia."

Nilichapa ya tatu. Nilihakikisha nukta zimekaa, maana nilijua angeirudisha. Ningeweza kumshika mkono ule wenye mafuta nikaubandika kwenye kioo. Nusu dakika tu. Sikuubandika. Nilisimama pale nimekumbatia faili, nasubiri amalize kuchokonoa jino la nyuma. Saa saba kasoro kumi akaweka kidole, na Bi Mwasiti akatoka mbio, mwanamke wa miaka hamsini na minane, kanga inaburuta chini.

Huku nyuma zamu ilikuwa imebadilika saa sita. Daktari Nehemia alikuwa amemwambia aliyempokea: "Kitanda cha kumi na moja asiguswe, namsubiria kibali." Yule akaitika, akafungua kishikwambi, kikamsalimia, akasoma. Alikuwa kijana mtiifu, na hakupenda kuchanja ng'ombe. Akachoma alichoambiwa.

Bi Mwasiti aliingia na kibali mkononi, kimepigwa mihuri mitatu. Mashavu alikuwa amevimba uso mpaka macho yamepotea. Alikuwa ameshakufa, na mtoto tumboni alikuwa amemfuata. Kishikwambi kando ya kitanda kiliwaka kijani: hali njema kabisa.

Nimeandika mihtasari ya miaka ishirini na sijawahi kutapika juu ya karatasi. Siku ile nilitapika.

*

Walimzika kesho yake. Siku ya tatu Bi Mwasiti alikwenda mapokezi, akaomba jambo dogo: binti yake aandikwe kwamba amekufa, na kilichomwua kiandikwe. Karani alijaribu. Itifaki ikakataa, ikasema taarifa hiyo inapingana na ya Mheshimiwa Waziri, na ni yeye tu, au aliye juu yake, anayeweza kuibadili. Juu ya Waziri alikuwepo Rais, na juu ya Rais kwa mujibu wa wimbo wa taifa hakuna mtu.

Basi Bi Mwasiti akaja wizarani na toroli. Hakupiga kelele, hakutukana. Alilisukuma mbele ya dirisha la Waziri, kutoka langoni mpaka kwenye mnazi, na kurudi. Kwii, kwii. Juu ya toroli kulikuwa na lile gamba la jalada. Asubuhi mpaka jioni, siku kumi na tisa. Mgambo walipomfukuza walishindwa kusema kosa lake, maana hakuna sheria ya gurudumu.

Siku ya ishirini Waziri aliziba masikio kwa vidole. "Anataka nini huyu mama?"

"Anataka binti yake aandikwe amekufa, Mheshimiwa," nikasema.

"Basi! Leteni hapa!" Akanyakua kishikwambi, akabonyeza 'marehemu', akaweka kidole kwa hasira.

Kifungu cha saba ni kifungu cha saba. Itifaki ilipita tena nchi nzima, na kwa kuwa mwenye cheo alikuwa amesema marehemu, yeyote aliyeonekana hai alikuwa kosa. Kabla chai haijapoa, tulikuwa taifa la marehemu laki tatu, na wa kwanza wao, kwa kufuata itifaki, alikuwa Mheshimiwa Dokta Gervas Kitulizo mwenyewe. Lango la Bunge lilisoma kidole chake likakataa kufunguka. Naibu wake alilia machozi mengi, akauliza kiti kitakuwa wazi lini. Redio ikaanza kupiga nyimbo za maombolezo kwa kuwa nayo imeunganishwa.

Hapo nikaona serikali inavyoweza kukimbia. Kamati ya dharura iliundwa ikakaa ikamaliza ndani ya dakika ishirini, bila hoteli, bila barua ya utangulizi, bila salamu. Waliitana kwa majina ya utotoni! Rais aliombwa kidole chake, akakitoa akiwa bafuni, na nchi nzima ikafufuliwa ikarudi ilivyokuwa: mume, sitini na mmoja, hali njema kabisa.

Nchi nzima. Na kitanda cha kumi na moja.

Nikamwendea Mkurugenzi. Nilimwambia kwamba Mashavu naye amerudishwa hai, na kwamba dakika ishirini nyingine zingetosha kulirekebisha. "Katibu," alisema, "funika kombe mwanaharamu apite."

*

Nilikwenda kwa Bi Mwasiti siku ya Jumatatu, kumpa pole niliyoichelewesha. Alinikaribisha mkeka, akanipa maji, hakunilaumu kwa neno hata moja. Nilitamani angenitemea mate. Kwenye kamba ya nguo zilining'inia kanga mbili mpya, bado zimeshikana, hazijakatwa.

Simu ya Mashavu ilikuwa dirishani, ikalia. Aliichukua, akanipa nisome kwa sauti. Ujumbe ulikuwa wa Wizara, unaotumwa kila Jumatatu kwa kila mtu: "Ndugu Mashavu, mume, miaka 61. Afya yako ni njema kabisa. Wizara inakupongeza kwa kutougua. Kama una maoni, jibu hapa."

"Hii ni ya nne," alisema. "Wewe ni hodari wa kuandika, Katibu. Nijibie. Waambie amekufa, na waache kumwita."

Nikaandika. Niliandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika maishani, mistari miwili tu, bila salamu. Kabla ya kutuma, Itifaki ikaniuliza: Cheo cha mwandishi?

Nikabaki nimeishika simu. Bi Mwasiti alichungulia, akaona nilipokwama, akanipokonya taratibu. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kama alivyoandika siku ile kwa wino mwekundu: MAMA. Akatuma.

Jibu lilikuja palepale, bila kupanda ngazi yoyote.

"Cheo hicho hakitambuliki."